Kambale Wawili, Mstari Mmoja

Karani wa korti alisoma "Kambale Yosia, mkulima" mara moja, kisha akapita kwa jina lingine.

Nilingoja. Tulikuwa chini ya bâche, lile turubai la bluu, hapa Beni. Korti ya askari ilikuwa imetoka mu majengo yake ili ihukumu mbele ya macho yetu watu waliotukata kwa panga. Karani alikuwa anasoma majina ya marehemu kwa kufuata herufi, na jamaa za kila marehemu walisimama waliposikia jina lao. Nikajiambia labda wa pili yuko chini kidogo. Karani akaingia kwa akina Kasereka, akawamaliza. Akaingia kwa akina Katembo. Alipofika kwa Kavira nikajua wa pili haji.

Nikasimama.

"Papa, ikala chini," karani alisema. "Ile jina tulishaisoma."

"Mulisoma moya, Chef. Siye tulizika babili."

Aliangalia karatasi yake, kisha akamwangalia avoka wetu, wakili wa jamaa za marehemu. Avoka wetu hakugeuka. Alikuwa anafuta miwani yake na leso nyeupe. Akasema kwa rais wa korti, yule jaji mkubwa, kwa Kifaransa, na sauti ya mtu anayefukuza nzi kwenye chai: "C'est un doublon, Monsieur le Président."

Rais akainamisha kichwa. Karani akaendelea.

Kando yangu kulikuwa mwalimu mmoja wa shule. Nikamuuliza: "Doublon njo nini?"

"Njo kusema mulimuandika mara mbili, Papa."

"Kwani tulimuzika mara mbili?"

Mistari miwili mbele yangu Masika, mjane wa mdogo wangu, alikuwa angali amesimama tangu jina liliposomwa. Akanigeukia, akasema polepole, kama mtu anayefunika chungu: "Shemeki, ule balisoma ni wangu."

Bibi yangu, mama wa mtoto wetu tuliyemzika, akadakia: "Nani alikuambia ni wako?"

Ndivyo tulivyotoka chini ya bâche: familia moja iliyozika watu wawili, ikigombania mstari mmoja.

Watu huniuliza siku mbaya kuliko zote ilikuwa gani. Wanangojea niseme siku ya mashamba ya kakao. Siku ile nilikatwa mkono wa kushoto, mpaka leo haukunjiki, na nilisikia mtoto wangu akiita mara moja tu. Mais lakini siku ile aliyenifanyia ubaya alikuwa adui, na adui ni kazi yake. Chini ya bâche aliyefanya alikuwa avoka wangu, mtoto wa milima yetu, mwenye kunywa chai kwangu.

Nitataja wenye kosa, sina tena kitu cha kuogopa. Muhindo, secrétaire wake, ndiye aliyebonyeza mashine. Kakule, chef wa quartier yetu, kiongozi wa mtaa, ndiye aliyepiga muhuri. Na huyu wa tatu, mkubwa wao, jina lake sitaliandika. Hapana kwa woga. Yeye alifuta la kwetu, na miye nafuta la kwake. Aonje kidogo. Nitamwita vile watu walimwita: Maître alipokuwa avoka tu, Honorable alipokuwa député, mbunge wa jimbo. Hapa Butembo na Beni, ukisema hayo mawili kisha ukafanya mkono kama mtu anayepangusa kiti, kila mtu atakuambia ni nani.

Kwa sababu alikuwa anapangusa. Sikumwona hata siku moja akikaa kwenye kiti bila kutoa ile leso. Alipangusa kiti cha korti, kiti cha kanisa, kiti cha matanga. Mu vumbi ya Butembo, ambako hata mbuzi wana rangi ya njia, yeye alivaa viatu vyeupe. Akishuka kwenye moto, ile pikipiki yake, anasimama kwanza, anainama, anapangusa kiatu cha kuume, kisha cha kushoto, ndipo anakusalimia. Ukimwekea chai anazungusha kikombe kutafuta mahali pasipo alama. Mama mmoja wa soko alimwambia: "Maître, Mungu alikuumba na udongo ao na sabuni?" Akacheka. Alijua kucheka, sitamnyima hilo.

Neno lake lilikuwa: "Dossier propre, faili safi, ni nusu ya ushindi." Alilisema kwa wateja, kwa vijana wa masomo, na kwa bibi yake juu ya mboga, nafikiri. Karatasi yenye kifuto aliirudisha. Karatasi yenye alama ya kidole aliishika kwa kona. Na kitu alichokichukia kuliko uchafu ni kurudia. Ukimwambia jambo mara mbili, anainua kidole: "Papa, korti ina masikio mawili, hapana manne." Mu kanisa letu tunapenda kurudia pambio mpaka roho itulie. Pambio likifika mara ya tatu, yeye anaangalia saa. Mara ya tano anatoka nje na kusimama kando ya moto wake, mikono nyuma, kama anayengoja sisi tupone.

Na bado alinisaidia. Lazima niliseme, la sivyo nami nitakuwa mwenye kuandika dossier propre. Nilipokuwa ningali juu, mlimani kwetu Masereka, kabla sijashuka Beni kwa ajili ya kakao, jirani alihamisha mpaka wa shamba la baba. Aling'oa miti ya mpaka na kuipanda hatua nane ndani ya vitunguu vyetu. Maître alikuwa kijana wakati ule. Alipanda mlima kwa miguu, viatu mu mkono. Alifika kwenye shamba, akapima kwa kamba, akauliza: "Hii miti ilipandwa na nani?" Jirani akasema: "Babu yangu." Maître akang'oa mmoja kwa mikono miwili, ukatoka kama karoti. Akauonyesha watu: "Babu yako alikufa juzi?" Kilima chote kilicheka. Tukashinda. Mdogo wangu Kambale alimbebea mfuko wa viazi mpaka barabarani, akarudi akisema: "Ule mutu akituomba kitu, tutamupa." Ndiye mdogo wangu aliyesema hivyo. Nakumbuka sana.

Sasa nieleze habari ya majina, maana anayesoma kutoka mbali atapotea. Kwetu mtoto hatafutiwi jina, anafika nalo. Mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Na wasichana wana yao. Miye ni wa kwanza, donc basi Paluku. Anayenifuata ni Kambale. Miye nikazaa, mtoto wangu mwanaume wa pili naye akawa Kambale. Hapo hakuna mtu aliyechagua. Lile la ubatizo ndilo tunachagua, na kwa mtoto wangu nilichagua la baba yake mdogo, Yosia, kwa kumheshimu, maana ndiye aliyenijengea nyumba ya kwanza. Basi wakawa wawili, Kambale Yosia mkubwa na Kambale Yosia mdogo, wote wakulima, wote Beni, shamba moja. Nyumbani tulimwita mtoto Kadogo, hata alipokuwa na miaka kumi na tisa na ananipita kichwa. Ukiita Yosia, wote wawili walikuwa wanaitika, kisha mkubwa anamwambia mdogo: "Wewe ulizaliwa kwa kunijibia?"

Hilo Maître alilijua. Nataka mtu anayesoma ashike hapa, asiachilie. Alilijua kupita sisi wote, na alilisema mbele ya korti, kwa mdomo wake, miye nikiwa ndani.

Ilikuwa mara ya kwanza alipotafuta kuwa député wa jimbo. Hakuwa na chama kikubwa, alikuwa na majina. Alikuja soko la Butembo akaanza kushika mikono: "Wewe ni Kasereka? Basi mukubwa yako Kambale iko wapi, mbona haninunulii soda?" Kwa kila jina alijua anayelitangulia na anayelifuata. Mama akisema "Masika", yeye anasema, "Musichana ya kwanza, njo maana unaniangalia kama mama yangu." Watu waliona anawajua. Kumbe alikuwa anahesabu ngazi tu. Mais tulimchagua.

Mpinzani wake hakukubali. Akaenda kwa korti na kusema wapiga kura wa Maître ni watu wa hewa, kwa sababu mu liste ya wapiga kura ya quartier moja tu kuna ukurasa mzima wa Kambale, na wengine wana hata jina la ubatizo moja. Alidai wafutwe. Sisi tulijaza chumba. Maître alisimama, akapangusa meza kwanza, kama kawaida. Aliongea Kifaransa kidogo, kisha akaomba ruhusa aongee Kiswahili ili hata sisi tusikie.

Alisema: "Monsieur le Président, ukitoka hapa na ukafika mu soko, ita Kambale. Nusu ya banaume batageuka. Utasema ni mutu moya? Kwetu Kambale hapana jina ya mutu. Ni jina ya mulango. Ni mulango ya pili ya kila nyumba. Ukifunga mulango yangu ya pili juu jirani naye iko na ya pili, batoto yangu batapitia wapi?"

Rais wa korti mwenyewe, mtu wa mbali, asiye wa kwetu, aliandika lile neno. Wote walihesabiwa, akashinda. Jioni mdogo wangu alirudi nyumbani akimwigiza, leso mu mkono, anapangusa meza ya bibi yake: "Miye njo mulango ya pili!" Masika alicheka mpaka akakaa chini.

Basi akaenda Goma, akawa Honorable. Miaka mitano mu Bunge la jimbo nilimsikia redioni mara tatu. Mara ya kwanza alimpongeza gavana. Mara ya pili alisahihisha Kifaransa cha député mwenzake, na yule mwenzake alikuwa anaongea juu ya barabara ya Luofu, na barabara ikaishia hapohapo kwenye sahihisho. Mara ya tatu, mauaji yalipozidi huku, aliomba dakika moja ya kimya. Hiyo ndiyo sheria aliyotuletea. Alituombea kimya, na Bunge likampa.

Akichelewa kurudi, watu walimtetea. "Honorable iko na mingi." Akirudi, anasimama mu mkutano, anasema maneno yaleyale ya mwaka jana. Yeye asiyependa kurudia! Nilimwambia mzee mmoja: "Hii pambio ni mara ya ngapi?" Akaniambia ninyamaze, nitaharibu bahati ya quartier.

Tulipokatwa, alikuja siku ya nne. Sitasema hakuja. Alikuja mpaka commune ya Ruwenzori, sehemu ya mji wa Beni, kwenye uwanja wa kanisa tulipokuwa tumelala chini, akashika mkono wangu mzima, akasema: "Paluku, hii dossier ni yangu. Hakuna jina litapotea." Akatuomba liste.

Liste niliiandika miye. Nilifika darasa la nne, mais herufi zangu zinasomeka, nilizifundishwa na Biblia. Nilikaa na cahier, daftari la shule, kwenye ngazi ya kanisa, watu wakapanga mstari. Kila mmoja alitaja jina la marehemu wake, na miye nikaandika jina, kazi, mahali, kisha nikaweka safu ya mwisho: wa nani. Kwa sababu bila hiyo, kwetu huwezi kujua. Niliandika "Kambale Yosia, mkulima, mdogo wa Paluku, bwana ya Masika." Chini yake nikaandika "Kambale Yosia, mkulima, mtoto wa Paluku." Hapo kalamu ilidondosha tone la wino, nikalifuta na kidole. Ile alama ya kidole ilibaki pale. Nafikiri ndiyo iliyomuudhi Maître.

Baada ya ile siku ya bâche nilianza kutembea. Nilikwenda kwa Kakule, yule chef.

"Kakule, ulipiga muhuri juu ya nini?"

"Juu ya karatasi balinileta."

"Uliisoma?"

"Paluku, miye ni muhuri. Muhuri hapana macho."

Kakule ni jina la mlango wa nne. Anayo bahati, wa nne ni wachache kuliko wa pili.

Nikapanda Butembo kwa Muhindo, mu bureau ya Maître, ofisi yake. Muhindo ni kijana wa heshima, alinipa kiti, na kiti kilikuwa kimepangusika. Aliniambia ukweli, kwa hiyo kosa lake naliandika, mais naliandika kwa herufi ndogo. Alisema liste yangu ilikuwa na safu nne na ukurasa ulijaa mpaka pembeni. Maître aliangalia akasema: "Toa hii ya mwisho, inachafua." Safu ya wa nani ikatoka. Kisha mashine yake, kompyuta, ikaonyesha mistari inayofanana, kwa rangi. Muhindo akamuuliza: "Maître, hii ya Kambale Yosia iko mbili." Maître alikuwa anavaa koti ili awahi ndege ya Goma.

"Akasema nini?" nikauliza.

Muhindo aliangalia mlango. "Akasema, doublon. Bonyeza."

"Ulibonyeza gani? Ya juu ao ya chini?"

"Papa, mashine njo inachagua."

Mdogo wangu na mtoto wangu, mashine njo inachagua.

Nilifikiri nitapata karatasi ya kwanza nione. Cahier yangu haipo, walisema ilikuwa nakala chafu, walitupa. Korti imekwisha hukumu. Liste imefungwa. Wale waliohukumiwa walihukumiwa kwa Kambale mmoja, na kuna mmoja ambaye, kwa karatasi ya serikali, hakuna mtu aliyemuua. Huenda hakufa. Huenda anatembea mahali.

Masika anasema aliyebaki ni wa kwake, kwa sababu mkubwa hutangulia. Bibi yangu anasema ni mtoto wetu, kwa sababu damu ya mtoto ndiyo inayolia. Walikuwa wanalima pamoja, wakibadilishana jembe. Sasa Masika akipita kwenye njia yetu bibi yangu anaingia ndani. Juzi nilimkuta Masika kwenye bomba la maji, nikamsalimu. Akaniambia: "Shemeki, weye uko na batoto bengine kwa liste ya bazima. Miye uniachie huyu." Nilimwachia. Nilisema: "Ni wako, Masika." Nikapanda nyumbani nikaangalia bibi yangu anapepeta maharagwe, na sikuweza kumwambia kwamba nimemtoa mtoto wetu kwa Masika pale bombani.

Mwaka huu, msimu wa mvua, nilimwona Maître. Butembo, kwenye kibanda cha photocopie, moteri inapiga kelele. Hayuko tena Honorable, kiti chake alikaa mwingine, na watu wanasema anataka kurudi, alikuwa anatoa nakala za karatasi zake za kugombea. Amekonda. Viatu bado vyeupe. Alikuwa anagombeza mwenye mashine kwa sababu ya mstari mweusi kwenye kona. "Rudia," anasema. "Rudia tena." Nilimsikia akisema rudia mara tatu.

Nikasimama mbele yake, mkono wangu usiokunjika ukining'inia.

"Wasingya, Maître," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Wasingya, tata." Aliniangalia juu ya miwani. "Sura naijua. Ni nani?"

"Paluku."

Akatabasamu, lile tabasamu la soko. "Paluku gani?"

Ulikuwa wapi, wewe swali? Miaka yote hii nimetembea Beni na Butembo nikitafuta mtu mmoja aliyeuliza hivyo siku ile, na liko hapa, mdomoni mwake, linatoka bila kazi, kama mate.

"Kumbe unajua kuuliza," nikamwambia.

Alinikumbuka hapo. Tabasamu liliondoka polepole, akatoa leso, akapangusa kioo cha mashine kisichokuwa chake. "Paluku," akasema, "ile dossier ilishafungwa. Ilishinda. Hamukufurahi? Usifungue kitu kisafi."

"Siombi kufungua. Andika tu barua moya, na jina yako chini. Useme balikuwa babili."

"Barua ya nini? Korti haina haja ya barua."

"Masika iko na haja. Bibi yangu iko na haja."

Mwenye mashine alimpa karatasi zake. Alizihesabu, akaziweka kwenye mfuko wa nailoni ili mvua isizifikie, akashuka barabarani akikanyaga mawe tu. Kwenye karatasi ya juu niliona jina lake lote, na ndani yake lile la mlango, alilopewa na mama yake bila kuchagua. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Kuna maelfu ya watu wanaitwa hivyo, na hakuna aliyelifuta.

Basi anakuja kutuomba tena. Atapangusa viti vyetu, atauliza mkubwa wetu yuko wapi. Watu wa Beni, watu wa Butembo, akifika mbele yenu msimuulize barabara, msimuulize daraja. Yule rais wa korti ya kura bado ana lile neno la mlango kwenye karatasi yake, lenye wino wake. Mwulizeni kwa nini Kambale walikuwa wengi wakipiga kura na wakawa mmoja wakifa. Na miye sitamuuliza hata kwa nini. Nitasimama nyuma kabisa, niinue mkono huu mmoja unaoinuka, nimrudishie swali lake.

Kambale gani, Maître? Uliyefuta ni yupi? Ni mdogo wangu, ao ni mtoto wangu?

Jibu. Siku ukijibu, nitaandika jina lako.